Meli Zapita Likoni, Dawa Zakosekana

Mtu akisimama kivukoni Likoni asubuhi akingojea feri ya kuvukia kisiwani, haupiti muda mrefu kabla hajaiona meli ya makontena ikiingia kutoka bahari kuu. Huja polepole, ikapita baina ya Likoni na ufuo wa Mama Ngina, karibu mno hata mtoto hudhani angeitupia jiwe likaifikia, na feri hulazimika kutulia ili kuipisha. Watu mamia, wenye vikapu, wenye mikoba ya shule, wenye wagonjwa wao, husimama wakaitazama ikielekea Kilindini.

Asubuhi moja ya Machi 2024 nilikuwa miongoni mwao, nikimpeleka shangazi yangu katika hospitali kuu ya kisiwani. Shangazi ana maradhi ya shinikizo la damu. Kwa miaka kadhaa alikuwa akipata vidonge vyake katika zahanati moja ya upande ule wa Likoni, ambayo jina lake nalihifadhi, kwani sina haja ya kumwumbua muuguzi aliyekuwa akihudumia peke yake foleni ya watu hamsini. Mwezi wa Januari shangazi aliambiwa hivi: "Mama, dawa zimekatika. Meli haziji, si mnasikia vita vya Bahari ya Shamu?" Hakubisha. Alirejea nyumbani akavihesabu vidonge vilivyosalia, akaviona kumi na vinne, akaanza kumeza kimoja kwa siku mbili ili vimsukumie majuma manne. Majuma manne yakaisha, dawa bado. Akanunua vichache kwa kemisti, navyo vikaisha. Siku aliyoamka na mkono wake wa kushoto haumtii ndipo sisi jamaa zake tulipoujua mpango wake.

Basi tulikuwa kivukoni, feri imetulia, na meli inapita ikiwa imesheheni makontena mekundu na ya buluu, yamepangwa kama vitabu rafuni. Shangazi aliitazama mpaka ikatokomea. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, ni meli gani hizo ambazo haziji?"

Makala haya ni jaribio langu la kumjibu, kwani siku ile sikuwa na jibu.

Mimi ni mwalimu wa isimu. Si mfamasia, si baharia, wala sijapata kuagiza kontena maishani mwangu. Niruhusiwe basi nianzie pale ninapopajua, yaani kwenye sentensi aliyoambiwa shangazi. Walimu wa Kiswahili wa Kisauni, Changamwe na kwingineko hufundisha kila mwaka kwamba kitenzi "kata" hunyambuliwa kikawa "katwa" na pia kikawa "katika". Mwanafunzi huandika mifano yake, akapata alama, akasahau. Lakini tofauti ya kauli hizo mbili si ndogo. Nikisema kamba imekatwa, hata nisipomtaja aliyeikata, nimemwachia nafasi yake katika sentensi, na msikilizaji ana haki ya kuuliza, imekatwa na nani? Nikisema kamba imekatika, nafasi hiyo haipo tena. Siwezi kuongeza "na fulani". Kamba imekwenda yenyewe, kwa uchakavu au kwa majaliwa.

Sasa tega sikio katika zahanati na hospitali zetu usikie watu wanavyosema: dawa zimekatika, dawa zimekosekana, dawa zimekwisha, dawa zimechelewa. Kauli ni hiyo hiyo kuanzia dirisha la dawa hadi ofisi kubwa yenye zulia. Katika umri wangu wote sijasikia mtu akisimama akasema, fulani hakuagiza dawa kwa wakati, au fulani hakulipa.

Hata hivyo tusiwe madhalimu. Bahari nayo ina vituko vyake, na miaka ya karibuni imekuwa navyo vingi. Tarehe 19 Novemba 2023 Wahouthi wa Yemen waliiteka meli ya Galaxy Leader katika Bahari ya Shamu, na kabla ya mwaka huo kwisha makampuni makubwa ya meli, yakiwamo Maersk, MSC na Hapag-Lloyd, yalikuwa yameanza kuzungukia Rasi ya Tumaini Jema, njia ambayo iliongeza siku kumi hadi kumi na nne katika safari za kati ya Asia na Ulaya. Machi 2024, mwezi ule ule niliokuwa kivukoni na shangazi, mabaharia watatu waliuawa katika meli ya True Confidence. Julai 2025, baada ya kimya cha miezi, meli mbili, Magic Seas na Eternity C, zilizamishwa katika juma moja. Kabla ya hayo yote, Machi 2021, meli moja tu, Ever Given, ilikwama katika Mfereji wa Suez kwa siku sita, na ulimwengu mzima ukapanga foleni nyuma yake. Na mkazi wa Mombasa hahitaji kukumbushwa enzi za maharamia wa pwani ya Somalia, pale meli ya Faina ilipotekwa Septemba 2008 ikiwa safarini kuja bandari hii hii, tumboni imebeba vifaru.

Lakini hebu chukua ramani. Sehemu kubwa ya dawa za bei nafuu tunazozitumia hutoka India, na kijikaratasi kilichokuwamo ndani ya kijisanduku cha vidonge vya shangazi kilisema hivyo hivyo. Meli itokayo Mumbai au bandari za Gujarat kuja Mombasa haipiti Bahari ya Shamu hata kidogo. Hukata Bahari ya Arabuni na Bahari ya Hindi kuelekea kusini magharibi, safari ambayo chombo kikija moja kwa moja haifiki majuma mawili. Vita vilivyotajwa dirishani viko kando ya njia hiyo, mbali upande wa kaskazini.

Je, muuguzi alidanganya? La. Alikuwa akirudia alichoambiwa, na ndani yake mlikuwa na ukweli, ila ukweli huo huingia kwa mlango wa nyuma. Meli za Asia na Ulaya zinapozunguka Afrika nzima, zinahitajika meli nyingi zaidi kubeba mzigo ule ule. Makontena matupu huchelewa kurudi yanakongojewa. Nauli hupanda, na bima nayo hupanda. Mwenye meli aliyekuwa akiileta Mombasa huona faida kuipeleka kwingine. Hivyo ndivyo bunduki iliyolia karibu na Bab el-Mandeb inavyoweza kusikika katika zahanati ya Mtongwe, ijapokuwa hakuna kidonge cha Mtongwe kilichopita huko.

Tena haisikiki sawa kwa dawa zote. Hapa naomba msomaji avumilie hesabu kidogo, maana ndiyo iliyonifungua macho. Vidonge milioni moja vya paracetamol, kila kimoja cha miligramu 500, vina kilo 500 tu za dawa yenyewe. Mzigo huo, pakiwa na dharura, ndege inaweza kuubeba. Mifuko milioni moja ya dripu, kila mmoja wa nusu lita, ni tani 500 za maji. Hakuna mwenye akili atakayepandisha maji ndegeni. Chanjo husafiri kwa ndege katika ubaridi wake, na dawa za gharama kubwa vivyo hivyo. Kwa hivyo bahari ikichafuka, kinachotoweka kwanza rafuni si ile dawa ya ajabu isemwayo kwenye habari. Hutoweka dripu, glavu, sindano, pamba na vidonge vya bei ya chini: vitu ambavyo nauli ya ndege ingezidi thamani yake. Navyo ndivyo mwanamke anayejifungua usiku huko Likoni, au mtoto wa Vikwatani aliyeharisha siku tatu, anavyovihitaji saa hiyo hiyo.

(Katika zile tani 500 za dripu ya kawaida, chumvi ni tani nne na nusu tu, yaliyobaki ni maji. Kila ninapopita Gongoni na Marereni nikiyaona mashamba ya chumvi yakimeta juani, hukumbuka hesabu hiyo. Najua kwamba chumvi ya kupikia si chumvi ya kutia mshipani, na kwamba usafishaji wake ni kazi ya mitambo na wataalamu. Hata hivyo, nchi yenye chumvi na maji kusubiri meli iiletee maji ya chumvi ni jambo la kufikirisha.)

Wazee wetu waliofanya biashara na India na Arabuni wangetushangaa. Kwao bahari ilifungwa kila mwaka, na hakuna aliyeona ajabu. Majahazi yalikuja na kaskazi kuanzia Novemba au Disemba, yakarejea kusi ilipoanza kuvuma mnamo Aprili. Na kusi ilipokaza, Juni na Julai, hapakuwa na nahodha aliyejipenda aliyethubutu kukata bahari. Mabaharia walihesabu siku tangu Nairuzi, wakajua ni lini vyombo vitaingia na ni lini havitaingia. Mwenye duka la dawa katika Mji wa Kale, aliyeuza sanamaki, shubiri, kafuri na mvuje, alilazimika kujaza makasha yake kwa hesabu ya miezi, kwa kuwa alichokikosa wakati wa kaskazi hakukipata tena mpaka kaskazi nyingine. Majina yenyewe ya dawa hizo yanasimulia safari: sanamaki ni sana ya Makka, na shubiri na kafuri tumezipokea pamoja na majina yake ya Kiarabu. Hata neno "dawa" ni la wageni hao hao. Mmoja kati ya wageni hao alishuka akakaa. Mwarobaini ulitoka bara Hindi, ukaitwa hivyo kwa imani kwamba hutibu maradhi arobaini. Leo umejaa Kisauni na Changamwe, unaota hata penye kifusi, wala haungojei chombo chochote. Simwambii mtu aache vidonge vyake akachume majani. Nasema tu kwamba watu waliokuwa hawana simu wala setilaiti waliijua kalenda ya bahari kuliko sisi, wakaiwekea akiba.

Kisa kinachonigusa zaidi hakiko mbali na hapa. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti wa mimea na kilimo huko Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, bara ya Tanga. Miongoni mwa miti waliyoipanda ulikuwamo mkwinini, ambao asili yake ni milima ya Amerika ya Kusini na ambao gome lake hutoa dawa ya malaria. Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka mwaka 1914, manowari za Waingereza ziliifunga pwani yote ya koloni hilo. Kutoka Ujerumani hakikuja kitu, isipokuwa meli mbili tu zilizopenya, moja Aprili 1915 na nyingine Machi 1916. Amani ikageuka kiwanda: kwinini ilitengenezwa pale pale, kutokana na magome ya miti ile. Waingereza walipoitwaa Amani katikati ya mwaka 1916, jeshi la von Lettow-Vorbeck lilirudi nyuma kusini likiwa limebeba magome, likawa likiyachemsha na kunywa maji yake, machungu kupita kiasi, ambayo Wajerumani wenyewe waliyaita kwa mzaha pombe ya Lettow.

Sikitaji kisa hiki kwa kumsifu mtu. Vita vile viliwaua wapagazi wa Kiafrika kwa makumi ya maelfu, wa pande zote mbili, wengi wao kwa maradhi wala si kwa risasi. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zinabeba hadi leo jina la kikosi cha wapagazi wa Waingereza. Ninachokitazama mimi ni tarehe. Mkwinini hauvunwi mwaka uliopandwa. Dawa iliyonywewa mwaka 1916 ilitiwa ardhini miaka mingi kabla ya mzinga wa kwanza kulia, na watu ambao hawakujua kwamba bahari ingefungwa. Somo hilo hilo liliirudia dunia nzima mwaka 1942, Wajapani walipoiteka Java. Kisiwa hicho kilikuwa kikitoa takriban asilimia 90 ya kwinini ya ulimwengu, na majeshi yaliyokuwa na ndege na vifaru yakajikuta yakiwinda magome ya mti.

Yaliyotufika sisi katika miaka ya karibuni yanajulikana. Tarehe 3 Machi 2020, hofu ya Korona ikiwa imeanza kutanda, India iliwekea vizuizi mauzo ya nje ya viambato na dawa 26, paracetamol ikiwamo. Machi 2021 Kenya ilipokea chanjo zake za kwanza za AstraZeneca, dozi zaidi kidogo ya milioni moja zilizotengenezwa Pune, na mwezi huo huo India ikasimamisha mauzo ya nje ili iwachanje watu wake kwanza. Waliochanjwa dozi ya kwanza wakangoja ya pili kwa muda mrefu kuliko walivyoahidiwa. Sioni kosa la India hapo. Nyumba ikiwaka, mtu huzima ya kwake.

Lakini kisa cha dawa za Ukimwi cha mwaka huo huo wa 2021 hakina vita wala dhoruba ndani yake. Dawa hizo, msaada wa Marekani, zilikuwa zimekwisha kuvuka bahari zote. Zilikuwa zimefika, ziko bandarini Mombasa. Zikakaa hapo kwa miezi kwa sababu ya mvutano baina ya serikali na shirika la misaada la Marekani, kuhusu ushuru wa takriban shilingi milioni 90 na kuhusu nani aaminiwe kuzisambaza. Waliozoea kupewa dawa za miezi mitatu wakawa wakipewa za mwezi mmoja, wengine za majuma machache, na Aprili wakaandamana barabarani. Mgonjwa wa Changamwe wakati huo angeweza kupanda juu ya paa la nyumba akayaona makontena. Gazeti lolote la siku zile ukilifunua, utakuta yameandikwa maneno yale yale: dawa zimekwama. Hapo napo mtendaji hana nafasi.

Na hata pasipo na mvutano, ramani ya dawa zetu ina kituko chake. Kontena likishushwa kwenye gati za upande wa Kipevu huwa limefika mwendo mfupi tu kutoka hospitali ya Port Reitz. Kwa kawaida haliendi huko. Maghala makuu ya KEMSA, mamlaka ya dawa na vifaa vya tiba ya taifa, yako Nairobi. Hivyo mzigo hupandishwa lori au gari la moshi, ukapita Changamwe na Miritini, ukasafiri karibu kilomita 480, ukapumzika, ukagawanywa, kisha sehemu yetu ikateremka tena njia ile ile kurudi ulikoshuka. Ziko sababu. Ukaguzi wa ubora una mahali pake, na watu wa Turkana na Wajir wana haki ya kugawiwa sawa na sisi tunaolala karibu na gati. Lakini kila kilomita ya barabara ni mahali pengine ambapo dawa zinaweza kukatika. Tunakumbuka mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 zilivyoibomoa barabara ya Mombasa na Nairobi. Naona haja ya akiba kamili ya Pwani kubaki Pwani, tena upande wa bara, ili mgonjwa wa Likoni asitegemee feri wala wa Kisauni asitegemee daraja la Nyali. Sasa kwa kuwa barabara ya Dongo Kundu imeziunganisha Likoni na Changamwe bila kivuko, udhuru wa zamani umepungua.

Akiba, basi. Wahenga walisema akiba haiozi, lakini hawakuwa na dawa akilini. Dawa huoza. Kila kijisanduku kina tarehe yake ya mwisho, na wengi huandikiwa kisihifadhiwe penye joto la zaidi ya nyuzi 30, ilhali Februari na Machi hewa ya Mombasa hupita hapo kivulini. Ghala lililojazwa bila hesabu, paa la mabati, madirisha yamefungwa, ni kaburi la dawa, na fedha zilizozikwa humo ni za umma. Ndiyo maana wanaoijua kazi hii hawasemi tujaze. Husema tuhesabu: mwezi mmoja zahanati hii hutumia vidonge vingapi, agizo huchukua miezi mingapi hadi kufika, na bahari ikichafuka huongezeka mingapi. Jumla ya hapo ndiyo akiba, wala haipaswi kushuka chini yake hata siku moja. Na kinachokaribia kuharibika ndicho hutolewa kwanza, kipya kikakaa nyuma. Chombo cha kazi hiyo ni kadi ndogo iliyotundikwa kando ya kila kasha, ambamo huandikwa kilichoingia, kilichotoka na kilichosalia. Kadi hiyo ikijazwa kwa uongo au isipojazwa, hakuna manowari itakayotulinda.

Hili ndilo lililompata shangazi yangu. Baada ya kuulizauliza, nilikuja kufahamu kwamba agizo la vidonge vile lilipelekwa rafu ikiwa karibu tupu, na kwamba lilipofika lilikopaswa kufika lilikuta ankara ya zamani haijalipwa, likawekwa kando. Nani aliyeliweka kando sikuambiwa. Tangu ugatuzi wa mwaka 2013 kaunti ndizo zinunuazo dawa za hospitali na zahanati zake, na madeni ya kaunti kwa KEMSA yamekuwa yakihesabiwa kwa mabilioni ya shilingi. Mdaiwa huwa wa mwisho kugawiwa kilichopo; na meli zikipungua kweli, kilichopo huwa kidogo zaidi. Bahari ya Shamu ilikuta rafu tupu. Ingekuta akiba ya miezi minne, shangazi asingejua kamwe kwamba kulikuwa na vita.

Kuna wanaosema dawa ya yote haya ni viwanda vyetu wenyewe, na sina ugomvi nao. Kiwanda cha Universal Corporation kilichoko Kikuyu kilipata mwaka 2023 idhini ya Shirika la Afya Duniani kwa kidonge kimoja chenye dawa tatu za Ukimwi, ikiwa mara ya kwanza kwa kiwanda cha Afrika, na mwaka 2025 vidonge vyake vilinunuliwa na Mfuko wa Dunia vikapelekwa Msumbiji. Ni jambo la fahari. Tumeona pia kwamba ahadi za wageni si za kutegemewa: kampuni ya Moderna iliyotangaza Machi 2022 kwamba itajenga kiwanda cha chanjo Kenya ilisimamisha mpango huo Aprili 2024. Ila tusisahau kwamba viwanda vyetu navyo huagiza viambato vyake India na China, na viambato hivyo hushuka Kilindini. Faida yake ni ya aina nyingine. Unga wa vidonge milioni moja hutoshea katika mapipa machache, huweza kuwekwa kwa muda, na ukipungua huweza kuletwa kwa ndege bila kumfilisi mtu. Kiwanda hakiondoi bahari. Hutupa muda, na mgonjwa anayehesabu vidonge kumi na vinne anajua thamani ya muda.

Kwa walimu wenzangu nina ombi dogo. Mnapofundisha mnyambuliko mwaka huu, waachieni kamba na vikombe vinavyovunjika. Watumeni wanafunzi wakasome matangazo yaliyobandikwa kwenye zahanati za mitaa yao, Mikindani, Utange, Mrima, wayanakili, kisha waziandike upya sentensi hizo zikiwa na mtendaji. Watarudi na maswali ambayo hayatakuwa ya sarufi pekee, na huenda msiwe na majibu yake. Mimi pia sikuwa nayo.

Shangazi anaendelea vizuri. Mkono haujarudia nguvu zake zote, lakini anakuna nazi, na anakwenda mwenyewe kuchukua dawa. Mwezi uliopita nilimsindikiza tena katika zahanati ile. Muuguzi ni yule yule, foleni ni ile ile, na safari hii vidonge vilikuwapo. Alipopewa fungu lake hakuondoka dirishani. Watu wa nyuma wakaanza kunung'unika.

"Mwanangu," akamwambia muuguzi, "hizi zilizobaki humo ndani, zitatutosha sote mpaka lini? Na za baada yake zimeagizwa siku gani?"

Muuguzi alimtazama, akanitazama mimi, kisha akasema, "Ngoja, mama, nikaangalie kadi."